Kuifikia seva ya nyumbani ukiwa mbali: kuelekeza poti, VPN, handaki au seva ya kukodi?

Jellyfin (ya filamu), Nextcloud (ya mafaili), Home Assistant (ya kuendesha vifaa vya nyumbani) au seva ya mchezo wa Minecraft inafunguka vizuri ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kisha inakata kauli mara tu simu inapohamia kwenye data. Hakuna kilichoharibika. Ruta ina anwani moja inayoonekana nje, na nyuma yake vifaa vingi vyenye anwani za ndani, mara nyingi zinazoanza na 192.168. Ombi likitoka nje bila kifaa cha ndani kulianzisha, ruta haijui limwendee nani, basi inalitupa. Njia nne zinazolinganishwa hapa zote zinatatua jambo hilo moja. Zinachotofautiana ni nani anaruhusiwa kupita, na nani mwingine anaona kinachopita.

Kagua anwani yako kwanza

Kipimo hiki huchukua dakika mbili na mara nyingi hufuta nusu ya chaguo. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utafute anwani ya IP upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Kisha fungua ifconfig.me kwenye kifaa kilichounganishwa na ruta hiyohiyo, VPN yoyote ikiwa imezimwa. Namba mbili zikilingana, una anwani ya umma.

Zisipolingana, soma ile ya WAN. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: mtoa huduma amewapa wateja wengi anwani moja ya umma, na safu hiyo, 100.64.0.0/10, ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10, na 192.168, au na 172.16 hadi 172.31, kuna ruta mbili mfululizo. Huenda ya kwanza ni modemu ya mtoa huduma iliyo hapohapo nyumbani, na dawa yake ni kuiweka katika hali ya daraja ili ruta yako ipokee anwani ya umma yenyewe. Huenda pia ruta hiyo ya kwanza iko kwa mtoa huduma, na hapo huna la kufanya upande wako. Intaneti ya laini ya simu, 4G au 5G, kwa kawaida iko nyuma ya CGNAT.

Vigezo

Kila njia imepimwa kwa mambo matano: inahitaji nini na inawekwaje, usalama wake ukoje na nani anaona data, inabeba huduma gani na kwa kasi ipi, inaharibikia wapi, na inamfaa nani. Kigezo kimoja hakibadiliki popote, nacho ni kasi ya kupakia ya laini yako. Filamu ya Mbps 8 kwenye laini inayopakia kwa Mbps 10 inatosha mtazamaji mmoja, hata uchague njia gani.

1. Kuelekeza poti kwenye ruta

*Kuiweka.* Poti ni namba ya mlango ambao huduma husikilizia, na kuielekeza ni kuiambia ruta impeleke anayeigonga kwenye seva yako. Lazima uwe na anwani ya umma. Anza kwa kuifungia seva anwani moja ya ndani: kwenye sehemu ya DHCP ya ruta, inayogawa anwani za ndani, oanisha MAC ya seva (namba ya kadi yake ya mtandao) na anwani, tuseme 192.168.1.50. Ukiruka hatua hii, umeme utakatika siku moja, seva itarudi na .57, na kanuni yako itaelekeza pasipo na mtu. Kisha fungua menyu ambayo, kutegemea ruta, huitwa Port Forwarding, Virtual Server au NAT, ujaze vitu vinne: poti ya nje, anwani ya ndani, poti ya ndani, na itifaki (TCP au UDP, namna mbili za kusafirisha data). Tovuti ni TCP 443. Minecraft ya Java ni TCP 25565. Ukichagua UDP mahali pa TCP, hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, ni kimya tu.

Kama anwani yako ya umma hubadilika, weka DDNS. Ruta nyingi zinayo ndani, na zisipokuwa nayo, huduma kama DuckDNS hukupa jina linalofuata anwani yako. Kwa tovuti, usifungue poti kwa kila huduma. Fungua 443 peke yake, nyuma yake weka proksi kama Caddy au Nginx Proxy Manager, nayo igawe maombi kwa majina: picha huku, filamu kule. Caddy huomba na kuhuisha vyeti vya HTTPS yenyewe. Jua kwamba Let's Encrypt, watoaji wa vyeti, wakihakiki kwa HTTP hugonga poti 80, hata huduma yako ikiwa kwenye 8443. Mtoa huduma akiwa ameziba 80, tumia uhakiki wa DNS, unaopitia rekodi za jina lako badala ya poti.

*Usalama.* Data inakwenda moja kwa moja kati ya mgeni na seva yako, na kwa HTTPS hakuna wa kati anayeisoma. Lakini mlango uko wazi kwa dunia nzima, na kuna roboti ambazo kazi yao ni kugonga anwani zote za IPv4 usiku na mchana. Kuhamisha SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mstari wa amri) kutoka poti 22 kwenda 2222 hupunguza kelele kwenye kumbukumbu, ulinzi hauongezeki. Kuna vitu ambavyo havifunguliwi kabisa: ukurasa wa kusimamia ruta, RDP ya 3389 (kuendesha Windows ukiwa mbali), SMB ya 445 (kushiriki mafaili), SSH inayokubali nenosiri, na ukurasa wa kusimamia NAS, yaani kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao. Januari 2022 programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilifunga mafaili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, na ushauri wa QNAP wenyewe ulikuwa ni kuzima uelekezaji wa poti na UPnP. UPnP izime hata kama hukuathirika, maana huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza. Na kitufe cha DMZ, ambacho hukimbiliwa kila kanuni inapokataa, huielekezea seva karibu kila poti. Hicho si kipimo cha kuacha kikiwa kimewashwa.

*Kasi na huduma.* Hapa njia hii haina mpinzani. Inabeba TCP na UDP za aina yoyote, haina mzunguko, na mgeni hahitaji programu ya ziada.

*Inapoharibikia.* Kosa la kwanza ni kupima ukiwa ndani. Ruta nyingi haziwezi kumrudisha mtu wa ndani kupitia anwani yake ya nje, kwa hiyo jina lako halifunguki kwenye Wi-Fi ya nyumbani ingawa nje linafunguka. Pima kwa simu iliyo kwenye data. Kwa matumizi ya ndani, ongeza jina hilo kwenye DNS ya nyumbani lielekee 192.168.1.50.

Ikiwa hata nje halifunguki, soma aina ya kosa. Ukijibiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, pakiti ilifika kwenye mashine fulani lakini hakuna programu inayosikiliza. Ukisubiri mpaka muda unaisha, pakiti inatupwa njiani. Kwenye seva endesha `sudo tcpdump -n port 443` halafu ujaribu tena kutoka nje. Pakiti zikionekana, ruta haina hatia: tazama ukuta moto wa seva, au huduma iliyofungwa kwenye 127.0.0.1 (inasikiliza mashine yenyewe tu) badala ya 0.0.0.0 (inasikiliza kutoka kote). Zisipoonekana, tatizo ni ruta, modemu au mtoa huduma. Wanaotumia Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kontena lake, wakumbuke pia kwamba poti iliyochapishwa na kontena hupita kando ya kanuni za ufw, ukuta moto wa Linux. Unaweza kuamini umeifunga, kumbe iko wazi.

*IPv6.* Hata walio nyuma ya CGNAT wakati mwingine wana IPv6 kamili (mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi ya IPv4), na huko hakuna cha kuelekeza: kila kifaa kina anwani ya umma, na unachofanya ni kuruhusu poti moja kwa anwani ya seva kwenye ukuta moto wa ruta. Kasoro ni mbili. Mgeni aliye kwenye mtandao usio na IPv6 hafiki kabisa. Na sehemu ya mwanzo ya anwani inaweza kubadilishwa na mtoa huduma, kwa hiyo DDNS lazima iendeshwe kwenye seva yenyewe, si kwenye ruta.

*Inamfaa* mwenye anwani ya umma anayetaka watu asiowajua wafike, anayeendesha michezo au video nzito, na aliye tayari kusasisha seva bila kukumbushwa.

2. VPN ya nyumbani

*Kuiweka.* Badala ya kuileta huduma nje, unamleta mtu ndani. Simu ikiwa ugenini inajiunga na mtandao wa nyumbani na kuona kila kitu kama iko sebuleni. WireGuard ndiyo ya kuanza nayo: imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na ruta zenye OpenWrt au RouterOS 7 ya MikroTik zinaibeba zenyewe. Unafungua poti moja tu, UDP 51820. Kila kifaa kinapata jozi yake ya funguo, na usinakili jozi moja kwenye simu mbili, maana zitanyang'anyana muunganisho. Kwenye simu, mstari wa AllowedIPs ndio unaoamua: 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1, hupitisha ya nyumbani tu, 0.0.0.0/0 hupitisha intaneti yote kupitia nyumbani.

Nyuma ya CGNAT, WireGuard tupu haifiki kwa IPv4. Hapo tumia Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard: pande zote mbili huanzisha muunganisho wa kutoka, zikakutana. Ikishindikana kukutana moja kwa moja, data hupita kwenye seva zake za kupokezana, ikiwa bado imesimbwa.

*Usalama.* Ndiyo njia yenye mlango mwembamba kuliko zote. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, hivyo roboti ikigonga haipati hata dalili kwamba kuna kitu. Programu yako ya picha ikiwa na tundu, dunia haiwezi kuligusa. Kwa Tailscale, funguo za siri hubaki kwenye vifaa vyako, ila orodha ya vifaa na nani amwone nani inashikwa na kampuni. Asiyependa hilo anaweza kuendesha Headscale, mbadala wa sehemu hiyo unaouendesha mwenyewe, lakini nayo inahitaji mahali panapofikika kutoka nje.

*Kasi na huduma.* Inabeba chochote. Kikomo huwa ni kichakataji cha ruta: ruta ndogo husimba taratibu kuliko laini inavyoweza, na kuihamishia WireGuard kwenye seva husaidia. Tailscale ikipita kwa wapokezaji, filamu hukwama. Endesha `tailscale status` uone kama muunganisho ni wa moja kwa moja.

*Inapoharibikia.* Kubwa ni mgongano wa anwani. Nyumbani kwako ni 192.168.1.0/24, na hoteli uliyofikia nayo ni 192.168.1.0/24, basi simu inaitafuta seva yako ndani ya hoteli. Hamisha mtandao wa nyumbani uwe kitu kisicho cha kawaida, kwa mfano 192.168.87.0/24, kabla hujasambaza mipangilio. La pili: ufunguo ukikosewa, WireGuard haisemi. Endesha `wg show`, na usipoona mstari wa kusalimiana kwa mwisho, kagua funguo na poti. La tatu: kurasa ndogo zinafunguka lakini kubwa zinaganda, shusha MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420 hadi 1380, na ikikataa, 1280. Halafu WireGuard husoma jina la DDNS inapowashwa tu. Anwani ya nyumbani ikibadilika katikati, zima na uwashe.

*Inamfaa* anayejihudumia mwenyewe na watu wa nyumbani mwake. Haimfai anayetaka kumtumia shangazi kiungo cha albamu. Shangazi hataweka programu ya VPN, na runinga ya kwake huenda haiikubali.

3. Handaki la Cloudflare

*Kuiweka.* Programu ndogo iitwayo cloudflared, ikikaa kwenye seva yako, huanzisha muunganisho wa kutoka kwenda Cloudflare kupitia poti 7844 na kuushikilia. Mgeni anafungua jina lako, ombi linafika Cloudflare, linarudi nyumbani kwa muunganisho huo. Ruta haiguswi, na CGNAT haijalishi. Unachohitaji ni jina la kikoa ambalo DNS yake inasimamiwa na Cloudflare. Unaunda handaki kwenye akaunti, unachukua tokeni, unaisakinisha cloudflared nayo, kisha unaandika kwamba picha.mfano.com iende http://localhost:2283. Cheti kinajitokeza chenyewe.

*Usalama.* Anwani ya nyumbani haionekani na hakuna poti iliyo wazi. Unaweza pia kutanguliza Access, ukurasa unaomtumia mgeni namba ya siri kwa barua pepe kabla hajaiona huduma. Lakini HTTPS ya mgeni huishia Cloudflare, ikafunguliwa hapo, ikasimbwa upya kuja kwako. Kampuni inaweza kuona maudhui. Kwa blogu si neno. Kwa nyaraka za ugonjwa au za kesi, amua ukijua. Wengi pia hudhani handaki lenyewe ni ulinzi: bila Access, ukurasa wa kuingia uko mbele ya kila mtu sawasawa na poti iliyofunguliwa.

*Kasi na huduma.* Ni ya tovuti na mifumo ya wavuti. Minecraft haipiti, isipokuwa kila mchezaji naye aweke programu upande wake. Kwenye mpango wa bure ombi moja la kupakia halizidi MB 100, kwa hiyo video ndefu kutoka kwenye simu kwenda Immich, programu ya picha, hukwama kwa kosa 413, wakati Nextcloud, ambayo programu zake hukata mafaili vipande, hupona. Masharti ya huduma nayo yanabana kusambaza video kupitia mtandao wao, hivyo kuijengea Jellyfin hapa ni kujenga juu ya mchanga.

*Inapoharibikia.* Kosa 1033 maana yake handaki halijaunganika: cloudflared imezimika, au mtandao unazuia UDP, na hapo lazimisha itifaki ya http2. Kosa 502 maana yake handaki liko hai lakini halioni huduma. Chanzo cha kawaida ni Docker: ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe, kwa hiyo andika jina la huduma au 192.168.1.50. Na ukiweka Access mbele ya Immich au Jellyfin, kivinjari kitafunguka lakini programu ya simu itagoma, kwa kuwa haijui kuujaza ukurasa ule.

*Inamfaa* aliye nyuma ya CGNAT mwenye tovuti au mifumo ya wavuti, anayetaka kiungo cha kawaida kwa kila mtu, na asiyehangaishwa na kampuni ya kati.

4. Seva ya kukodi kama kituo cha kupokelea

*Kuiweka.* Unakodi seva ndogo kabisa yenye anwani ya umma. Seva ya nyumbani inaipigia kwa WireGuard, ikiwa na `PersistentKeepalive = 25` ili ruta isisahau muunganisho. Bila mstari huo, handaki hufa kimya baada ya muda mfupi bila data. Kwa mfano, seva ya kukodi inakuwa 10.8.0.1 na ya nyumbani 10.8.0.2. Kwa tovuti, Caddy kwenye seva ya kukodi inapeleka maombi 10.8.0.2. Kwa michezo, washa `net.ipv4.ip_forward=1` na uandike kanuni za DNAT, zinazoelekeza pakiti zinazoingia kwenda 10.8.0.2. Kwa jaribio la jioni moja, `ssh -R` inatosha, ilimradi GatewayPorts imewashwa kwenye sshd.

*Usalama.* Wewe unaamua cheti kikae wapi. Caddy ikiwa kule, data hufunguliwa kule, na mwenye mashine kinadharia anaweza kuiona. Ukipitisha TCP ghafi, yaani bila kuifungua, HTTPS huishia nyumbani na kule hupita mafumbo tu. Gharama yake ni kwamba sasa una mashine mbili za kusasisha, na ile iliyo nje ndiyo inayogongwa.

*Kasi na huduma.* TCP na UDP zote. Kila kitu kinazunguka, hivyo chagua seva iliyo karibu na nyumbani kwako na wageni wako. Ukiiweka bara jingine, mchezo utachelewa hata laini ikiwa nzuri. Soma kikomo cha data cha mwezi kabla ya kuipitishia video.

*Inapoharibikia.* Watoa seva wengi wana ukuta moto wao kwenye paneli, mbali na ule wa ndani ya mfumo, na poti lazima ifunguliwe kote kuwili. Ukiandika kanuni ya kubadilisha chanzo cha pakiti ili majibu yarudi, seva ya nyumbani itawaona wageni wote kama 10.8.0.1. Hapo fail2ban, programu inayofungia anwani za wanaojaribu kuvamia, ikimkamata mhalifu mmoja, inaifungia seva ya kukodi yenyewe na huduma inakatika kwa wote. Tumia itifaki ya PROXY, inayobeba anwani halisi ya mgeni, kama programu zako zinaikubali, au uihamishie fail2ban mbele.

*Inamfaa* aliye nyuma ya CGNAT anayehitaji michezo, video au faragha ambayo handaki la kampuni haliwezi kumpa, na asiyeogopa mstari wa amri.

Chagua kwa hali yako

*Ni wewe na watu wa nyumbani tu:* VPN. WireGuard ukiwa na anwani ya umma, Tailscale usipokuwa nayo. Hata anayechagua njia nyingine kwa wageni afadhali aache SSH na kurasa za usimamizi nyuma ya VPN.

*Tovuti au albamu kwa wageni, CGNAT:* handaki la Cloudflare, na Access kwa kila kisichokuwa cha hadhara.

*Tovuti kwa wageni, anwani ya umma:* poti 443 na proksi kama unaweza kusasisha mara kwa mara. Kama seva itakaa miezi bila kuguswa, handaki lenye Access ni la busara zaidi.

*Mchezo na marafiki:* poti ukiwa na anwani ya umma. Nyuma ya CGNAT, marafiki wachache wanaokubali kuweka Tailscale watakuokolea kodi ya seva. Wakiwa wengi au wanabadilika, kodi seva.

*Filamu kwa ndugu walio mbali:* poti au seva ya kukodi, baada ya kupima kasi ya kupakia na kushusha kiwango cha video kwenye Jellyfin kilingane nayo.

*Nyaraka nyeti:* VPN. Wageni wakilazimika kuzifikia bila programu, tumia seva ya kukodi inayopitisha TCP ghafi.

Na kabla ya kukodi chochote kwa sababu ya CGNAT, mpigie mtoa huduma umwulize kama anatoa anwani ya umma kwa mteja anayeiomba. Wengine huitoa kwa ada ndogo, wengine kwa ombi tu, na jibu lake linaweza kukurudisha kwenye njia ya kwanza.